Rafiki Asiyeitikia Shikamoo

"Ukitoka tu kwenye gemu, Love, naituma. Sasa hivi."

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Loveness wiki iliyopita, jamani! Amekaa juu ya kitanda cha mwanawe, hedifoni moja sikioni mwake, nyingine sikioni mwa mtoto, na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka katikati yao.

Kama hukusoma, usijali, shika haya. Evodia ni fundi cherehani hapa hapa Lushoto mjini. Ana binti mmoja, Loveness, darasa la sita. Loveness ana rafiki kwenye gemu la ngome, anaitwa Junior. Junior anasema ana miaka kumi na mitatu na anaishi Arusha. Asubuhi hii Evodia kachomeka hedifoni sikioni kwa mara ya kwanza, na sauti aliyoisikia ina miaka kumi na mitatu kama mimi nina mapembe.

Basi. Evodia akafungua mdomo apige kelele.

Loveness akamziba kwa kiganja. Mtoto! Kumziba mama yake mdomo! Siku nyingine angekiona cha moto. Leo Evodia alitulia tuli, na macho yake yakawa makubwa kama vifungo vya koti.

"Nipo," Loveness akasema kwenye maiki. "Sijatoka."

"Safi. Mama yuko wapi?"

"Kaenda sokoni."

"Anarudi saa ngapi?"

Loveness akamtazama mama yake usoni, sentimita kumi tu, akasema, "Mchana."

"Basi vizuri. Saa sita, njia panda ya Magamba. Uje peke yako. Nimekuletea simu yako mwenyewe, mpya, uachane na hilo bati."

Magamba! Kule juu kwenye msitu, ambako ukungu ukishuka unamtambua mtu kwa kikohozi chake.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika ishirini. Betri ilisema asilimia tisa. Na umeme, kama kawaida yake, ulikuwa umekatika tangu watu wanakunywa chai.

Mnaona alivyobanwa? Akizima, jamaa anatuma. Akisema neno, jamaa anajua mama yupo. Akikaa kimya, betri inakwisha, gemu linajizima lenyewe, na jamaa anatuma vile vile. Anatuma nini? Hilo ndilo Evodia hakulijua.

Akavuta sketi ya shule aliyokuwa hajaimaliza, ile ya bluu nzito, akachukua chaki yake ya kupimia. Akaandika juu ya kitambaa: ANA NINI CHAKO?

Loveness alikuwa anacheza kwa kidole gumba cha kulia, ngome isibomolewe. Kwa mkono wa kushoto akaandika, herufi zimelala: SAUTI.

YA NINI?

Mtoto akatikisa kichwa. Machozi yakaanza kumchuruzika.

"Love, mbona kimya?" sauti ikasema.

"Nazuia geti. Wanatuvamia."

"Zuia, mimi nakuja na mishale."

Mishale! Mtu mzima na mvi zake, labda, anakuja na mishale.

Kwa simu yake Evodia akamwandikia muuza simu wa stendi alete pawabenki haraka, kisha akatazama huku na huku. Kwenye kapu la vipande aliona sponji za mabega, zile anazoshonea makoti ya akina mama wa kwaya. Akachukua mbili, akaibana maiki ndogo ya kwenye waya katikati, kama mkate wa siagi. Kisha akainama mpaka paji lake la uso likagusana na la mwanawe.

"Sema," akanong'ona. "Haraka."

"Utanipiga."

"Sikupigi."

"Utanipiga, mama."

"Loveness, nina mikono ya kukupigia hapa? Sema!"

Mtoto akameza mate. "Nilimwambia baba hayuko Mtwara."

Hata cherehani, nadhani, ilishtuka.

Maana miaka miwili, wasomaji wangu, miwili mizima, Evodia amekuwa akiwaambia watu kwamba mume wake yuko Mtwara, kwenye kazi ya gesi. Kanisani, Mtwara. Shuleni, Mtwara. Kwa majirani, Mtwara, mkataba umeongezwa. Na ukweli ni kwamba Baba Loveness yuko Mombo. Mombo hiyo hiyo! Unashuka mlima, saa moja tu, unamkuta anauza spea kando ya barabara kuu, na mwanamke mwingine, na mtoto mchanga.

"Ulimwambia lini?" Evodia aliuliza, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Siku ile Mama Mchungaji aliponiita mbele niwaombee akina baba walio mbali. Nilirudi nimechoka. Nikamwambia Junior yote. Nikasema na wewe unadanganya mbele ya madhabahu. Kumbe alirekodi."

"Na anaituma wapi? Anamjua nani huku?"

"Yumo kwenye grupu la wazazi wa darasa letu."

"Yumo?"

"Aliniomba linki. Nikaitoa kwenye simu yako ulipokuwa unaoga."

Evodia akakumbuka. Mwezi wa tano namba moja ngeni, haina picha, iliingia kwenye grupu. Ikaandika, "Bwana asifiwe." Wazazi sitini na tatu wakajibu, "Amina." Hakuna aliyeuliza wewe ni baba nani. Yeye mwenyewe aliweka na alama ya mikono ya sala.

"Lakini Love, mwanangu. Hukuisikia hiyo sauti? Huyo ni mtoto?"

"Alisema sauti imebadilika kwa sababu amebalehe."

"Ukaamini?"

Kidole gumba kikaendelea kuzuia geti. Kisha akasema, taratibu sana, maneno yaliyomchoma Evodia kuliko yale ya Mtwara.

"Siku moja alikohoa. Vile wanavyokohoa akina baba. Ikanitoka tu, nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba. Halafu akacheka, akasema anatania."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaendelea kuongea naye!"

"Nilishamwamkia, mama! Mtu umeshamwamkia, unamwambiaje hapana? Akisema nitumie picha ya sare, nikatuma. Akisema usimwambie mama, sikukwambia. Wewe mwenyewe unasema mtu mzima hajibiwi."

Evodia alimkumbuka Loveness akiwa na miaka saba, siku waliyompita mlevi mmoja amelala kwenye ngazi za kilabuni, na mtoto akapita bila kusalimia. Alimrudisha. Alimshika bega, akamrudisha hatua ishirini, mpaka mtoto akamwamkia yule mlevi, na mlevi hata hakufumbua macho. Njia nzima akamsifu, mtoto mwenye adabu.

Betri, asilimia sita.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Wote wawili waliruka. Dirisha la Evodia halina kioo kimoja, kwa hiyo sauti ya nje huingia kama iko mezani.

"Mama Loveness! Nimekuja na ile pawabenki, umeniandikia kama nyumba inaungua!"

Ni Hamida. Hamida wa Tanga, msichana anayeuza simu na vikorokoro vyake pale stendi, mdomo wake haujawahi kuwa na sauti ya chini tangu azaliwe.

"Nani huyo?" Junior akauliza, ghafla.

Loveness akatoa maiki kwenye sponji. "Jirani. Anamtafuta mama."

"Mwambie hayupo."

"Mama hayupo!" Loveness akapiga kelele.

Wakati huo huo Hamida alishasukuma mlango, na mama asiyekuwepo alikuwa amekaa mbele yake juu ya kitanda, kidole mdomoni, anamkodolea macho kama paka aliyenaswa kwenye kabati.

Hamida alifungua mdomo. Akaufunga. Akatazama waya, akatazama sketi iliyojaa maandishi ya chaki, akatazama machozi ya mtoto. Msichana huyo ana kelele lakini si mjinga.

"Aaa! Basi nitarudi baadaye!" akasema kwa sauti kubwa, akapiga miguu sakafuni, pwa pwa pwa, akaufunga mlango kwa kishindo. Kisha akavua viatu, akaingia kwa ncha za vidole, akachomeka pawabenki kwenye simu.

Asilimia sita ikawa na alama ya umeme pembeni. Evodia alitaka kumbusu.

Alimwandikia kila kitu kwa chaki, kwa kifupi, mpaka sketi ikawa nyeupe. Hamida alisoma, anatikisa kichwa. Akaomba hedifoni ya Evodia. Akaichomeka.

Akasikiliza. Uso wake ukabadilika.

Akanyakua chaki. STENDI.

STENDI GANI? Evodia akaandika.

YETU! HII HAPA CHINI!

Evodia akarudishiwa hedifoni, akaiziba na kiganja asikie vizuri. Nyuma ya sauti ya Junior, mbali kidogo, kulikuwa na vijana wanaita abiria. "Mombo, Mombo, Mombo! Bado wawili! Soni, Bumbuli! Mama, Bumbuli twende!"

Arusha kuna gari za Bumbuli? Hakuna! Jamaa alikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye kitanda hicho. Ukitoka mlangoni unaiona stendi, mabati yake yanametameta.

Evodia akasimama. Akachukua mkasi wake wa kukatia suti.

Hamida akamshika kiuno. Sponji zikarudi kwenye maiki. "Unaenda wapi?"

"Niache."

"Dada, utamkata nani? Jumamosi hii, siku ya soko? Wanaume mia pale na kila mmoja ana simu mkononi!"

"Basi naivunja hii simu."

"Ukiivunja umemsaidia yeye. Aliyoyaandika yote yamo humu, na dawati la watoto pale polisi kitu cha kwanza watakachouliza ni hicho. Usifute hata nukta." Na papo hapo akatoa simu yake, akaanza kupiga picha ujumbe mmoja mmoja, huku Loveness anacheza. "Halafu hili jina, LoveLushoto. Mtoto kajiandika mpaka mji! Dada, hili gemu lina sehemu ya kuzuia wageni wasiongee naye. Unabonyeza mara tatu tu. Hukuwahi kuangalia?"

"Nilidhani ni mchezo," Evodia akasema. "Nilikuwa nafurahi, ametulia ndani, hazururi."

Mara tatu tu.

"Dada Hamida," Loveness akanong'ona, bila kuinua macho. "Akiamkiwa anazima maiki."

"Eee?"

"Tangu siku ile aliyoitikia kwa bahati mbaya. Mtoto akimwamkia huko aliko, anazima kwanza ndipo anaitikia, nisisikie. Hii spika ya kijani kwenye jina lake inakuwa nyekundu. Kidogo tu. Halafu inarudi."

Hamida akamtazama mtoto. Akamtazama Evodia. Tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo, likaenda mpaka wa pili.

"Huyu baba kalelewa," akasema. "Hawezi kuiacha shikamoo ya mtoto chini. Wallahi, atajitaja mwenyewe!"

Na akatoka, viatu mkononi.

Sasa sikilizeni alichofanya, maana nikikifikiria nacheka peke yangu. Watoto wa kwaya ya Jumapili walikuwa ndiyo wanatoka mazoezini, wanashuka kupitia stendi. Hamida akawasimamisha kumi na wawili mbele ya duka lake, akawapa matunda, peasi mbili mbili, akawaambia, "Leo nataka kuona nani ana adabu. Tunatembea wote pamoja, mimi nyuma yenu. Nikimgusa mmoja bega, huyo anamwamkia mtu niliyemwonyesha. Kwa sauti!"

Kule nyumbani, simu ya Evodia ikatetemeka kwenye mapaja yake. Ujumbe: Konda mwenye kofia. Sasa.

Evodia akakodoa macho kwenye kioo kilichopasuka. Spika kando ya jina la Junior: kijani.

Kijani.

"Love, njoo kwenye mnara," Junior alikuwa anasema. "Leo uko mzito."

"Nimechoka kidogo."

"Utapumzika kwenye gari. Nina gari zuri."

Mzee wa machungwa. Sasa.

Kijani.

Fundi viatu. Sasa.

Kijani tu.

Kisha ukaja ujumbe mwingine: Mwinjilisti Danieli. Ana hedifoni masikioni. Sasa.

Mwinjilisti Danieli! Aliyembatiza Loveness! Aliyekuja kumsalimia juzi, akamuuliza habari za Mtwara! Evodia alishika mkono wa mwanawe, akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Kijani. Na Junior bado anaongea, hajakatisha hata neno.

Evodia akashusha pumzi, akamwomba Mungu msamaha, na Mwinjilisti pia.

Gari dogo la rangi ya fedha, kioo nusu. Sasa.

"...halafu ukifika pale usiongee na mt—"

Nyekundu!

Moja. Mbili.

Kijani. "—na mtu yeyote, umesikia?"

Evodia aliandika: RUDIA.

Wakasubiri. Ngome yao ikabomolewa na hakuna aliyejali.

Nyekundu.

"Ndiye," Loveness akasema bila sauti. "Mama, ndiye."

Walikumbatiana hapo hapo, waya umewazunguka shingoni. Kwa dakika moja Evodia aliona mlango umefunguka. Gari limejulikana, Hamida yuko pale anaziona namba zake, polisi hawako mbali. Imekwisha!

Haikuwa imekwisha.

"Love." Sauti ilikuwa imebadilika. Mishale na minara ilikwisha humo. "Hawa watoto wa huku wana nini leo? Wawili wananiamkia, mmoja baada ya mwingine. Na nyuma yao kuna msichana anaandika kwenye simu."

Loveness akamtazama mama yake.

"Anamwandikia nani?"

Evodia akaifunika simu yake kwa kiganja.

"Ahaa," sauti ikasema, pole pole. "Mama Loveness. Shikamoo."

Evodia aling'ata ulimi. Nawaambia kweli, aling'ata mpaka akasikia chumvi, maana neno lilishafika kwenye meno. Tangu azaliwe hajawahi kuachia salamu ipite hivi hivi.

"Hutaki kuitikia? Haya. Mimi nakupa dakika mbili. Mtoto atoke hapo nyumbani, ashike njia ya juu, peke yake, na huyo msichana aondoke mbele ya gari langu. La sivyo kila mzazi wa shule hiyo anasikia mume wako yuko Mombo na nani. Mwanao ameeleza vizuri sana. Amelia na kulia."

Evodia alikiona chumba kikipungua. Kuta nne, kitanda, cherehani, dirisha lisilo na kioo kimoja. Nje ya dirisha hilo walikuwepo wote: Mama Mchungaji, akina mama wa kwaya, wateja wa makoti, majirani. Miaka miwili amewajengea Mtwara, tofali kwa tofali, na alikuwa amejifungia humo humo yeye na mtoto. Mtoto hakuwa na wa kumwambia. Akamwambia wa kwenye simu.

"Dakika moja na nusu," Junior akasema.

Evodia akachukua simu yake. Akafungua grupu la wazazi. Wazazi sitini na nne, mmoja hana picha. Akabonyeza pale pa kurekodi sauti, akashikilia.

"Mama," Loveness akasema. "Mama, usi—"

"Bwana asifiwe, wazazi wenzangu," Evodia akasema, kwa sauti yake yote, maiki zote ziko wazi. "Ni mimi, Mama Loveness, fundi. Baba Loveness hayuko Mtwara. Hajawahi kufika Mtwara. Yuko Mombo, ana mke mwingine na mtoto, na mimi nimewadanganya ninyi miaka miwili kwa sababu niliona aibu. Mnicheke leo, mkimaliza mnisikilize. Humu ndani kuna mtu asiye mzazi. Namba inayoishia na sifuri nne moja, haina picha. Amejifanya mtoto kwenye gemu, anawadanganya watoto wetu watoke nyumbani. Leo alimwita wangu Magamba. Shikeni simu za watoto wenu, lakini msiwapige. Nawaomba, msiwapige. Kaeni nao chini muulize wanaongea na nani. Na wewe," akavuta pumzi, "wewe usiye na picha, najua unanisikia. Huna kitu tena."

Akaachia kidole. Ikaenda.

Kwenye hedifoni kulikuwa na kupumua tu. Pumzi nzito, ya mtu mzima.

Loveness akaivuta maiki, akaipeleka mdomoni.

"Junior. Shikamoo yangu naichukua. Hapana. Siji."

Jina la Junior likawa la kijivu. Ametoka.

Sekunde chache baadaye, kwenye grupu, ukatokea mstari mdogo: ile namba isiyo na picha imejitoa.

Evodia alicheka. Alicheka na kulia pamoja, akamvuta mwanawe akamlaza kifuani. Mtoto akamwuliza kwa nini chaki imemjaa puani. Wakacheka tena. Ujumbe wa Hamida ukaingia: Kaondoka, mbio kama kafukuzwa na nyuki. Namba za gari ninazo, nakimbilia polisi. Kashika njia ya juu.

Na grupu likawaka. Lilikuwa linalia kama jiko la popkoni.

Pole sana dada yangu.

Hata sisi tulijua ya Mombo, tulikuwa tunakusitiri.

Walijua! Evodia alisoma huo mara mbili. Nusu ya mji walijua.

Baba Kornelio akaandika kwamba mwanawe naye ana rafiki kwenye gemu hilo, anakwenda kumwuliza sasa hivi. Mama mwingine akauliza hizo sehemu za kuzuia wageni zinabonyezwa wapi. Mwalimu Sefania akasema Jumatatu wazazi wote waje shuleni, na simu za watoto mkononi.

Kisha ukaja ujumbe wa Mama Lulu. Mama Lulu muuza vitenge, mwenye binti anayekaa dawati moja na Loveness.

Pole mpenzi wangu, una moyo. Nitapita jioni tuongee. Tafadhali mwambie Lulu asichelewe kurudi, nina kazi naye.

Evodia akaukunja uso. Akaandika: Lulu yupi?

Lulu wangu jamani! Ameniaga tangu saa tatu anakuja kwenu kucheza gemu na Love.

Evodia akainua macho. Chumba kilikuwa na kitanda, cherehani na Loveness.

"Love. Lulu kafika hapa leo?"

"Hapana." Kicheko kilikuwa bado kimebaki kwenye mashavu ya mtoto. Kikaondoka kidogo kidogo. "Kwa nini?"

"Lulu anacheza hilo gemu?"

"Nilimfundisha mimi." Loveness alianza kurudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Mama. Junior aliniomba nimwunganishe na rafiki mmoja. Mmoja tu. Akasema mimi nikishindwa kuja, atakuja mwingine."

Evodia hakusubiri viatu. Alitoka mlangoni kama alivyo, simu mkononi, sindano bado zimechomekwa kwenye blauzi yake. Barabara ya Magamba inaonekana yote kutoka pale, inapanda kwa mikunjo mpaka inapomezwa na ukungu.

Kwenye mkunjo wa tatu, gari dogo la rangi ya fedha lilikuwa limesimama. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Na kutoka kwenye kibanda cha mbao kando ya barabara, msichana mdogo mwenye begi mgongoni alikuwa analikimbilia, anapunga mkono.